Kitabu kizima kwa ajili ya mstari mmoja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya ndoo na keni huwa imeshafika kwenye mwembe. Mjomba wangu ni karani wa kituo cha kukusanyia maziwa, nje kidogo ya Muheza, na wafugaji 86 humletea maziwa asubuhi na jioni. Anatumbukiza laktomita, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, anaisoma, anamimina kwenye kipimo, anataja lita kwa sauti ili mwenye maziwa asikie, kisha anaandika. Miaka yote alikuwa akiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na mstari mmoja haukumchukua hata sekunde kumi.

Mwaka 2024 nikamtengenezea programu ya simu. Wiki ya kwanza ilienda vizuri, na wiki ya pili hakuna aliyelalamika. Wiki ya nne nilikwenda kituoni mwenyewe nikasimama nyuma ya bega lake. Mama mmoja alileta lita 12.5. Mjomba akaingiza namba yake, akaingiza lita, akagusa kitufe cha HIFADHI. Kitufe kikabaki kimebonyea. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Mama akabadilisha ndoo mkono. Mjomba akagusa tena akidhani hakuigusa sawasawa, na simu ikatoa lile dirisha la kusema programu haijibu, tusubiri au tuifunge.

"Mpwa wangu," akaniambia bila kunitazama, "daftari langu halijawahi kuniuliza kama nisubiri."

Nimekuwa nikitaka kuandika kwa muda habari za kosa hili, la kuandika upya rekodi zote kila unapoongeza mstari mmoja, kwa sababu nawajua vijana wengi wanaoanza kujenga programu kwa bloku, vipande vya kupachika, kama nilivyoanza mimi, na karibu kila mmoja hulipitia.

Programu ile niliijenga kwa App Inventor. Ilianzia Google mwaka 2010, na Hal Abelson, profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alikuwa miongoni mwa walioianzisha. Tangu 2012 inatunzwa na MIT. Huandiki mistari ya msimbo. Unavuta bloku zenye rangi na kuzipachika moja kwenye nyingine, kisha simu ya Android inatii. Mimi sikusomea kompyuta. Bila bloku nisingejenga kitu chochote, na naipenda zana hii kwa moyo wote.

Toleo langu la kwanza lilitumia TinyDB, ambayo ndiyo ghala la kwanza kila mwanafunzi anafundishwa. Unaipa jina na kitu, nayo inakutunzia hata simu ikizimwa. Jina langu lilikuwa "maziwa", na kitu kilikuwa orodha ya mapokezi yote. Mjomba akigusa HIFADHI, bloku tatu zinafanya kazi: GetValue inaitoa orodha, ya pili inaongeza kipengele mwishoni, StoreValue inairudisha. Bloku tatu, ndefu kama kidole. Kwenye skrini ya kompyuta zilionekana safi kabisa, nami nikaridhika.

Ukubwa wa bloku hausemi lolote juu ya kazi iliyo nyuma yake. Bloku ya kujumlisha mbili na tatu na bloku ya kuandika upya rekodi za mwezi mzima zina upana uleule na zinashikana kwa meno yaleyale.

Hivi ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanyika nyuma ya zile tatu. TinyDB huweka vitu vyake kwenye hifadhi ndogo ya Android iliyokusudiwa mipangilio: jina la mtumiaji, rangi aliyoichagua, sauti imewashwa au imezimwa. Hifadhi hiyo ni faili moja la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu, na ukibadilisha chochote ndani yake, hata herufi moja, Android huliandika lote upya tangu mwanzo. Orodha yangu kwanza inageuzwa kuwa maandishi ya JSON, mtindo wa kuandika data kwa mabano, mikato na nukuu, kisha maandishi hayo yanatiwa ndani ya XML, na huko kila alama ya nukuu inageuka kuwa herufi sita: `"`. Mstari wangu una alama 12 za nukuu. Pokezi moja la herufi arobaini likawa linakula zaidi ya mia. Zaidi ya hapo, StoreValue hairudi mpaka uandishi uishe, na inafanya kazi hiyo kwenye uzi uleule, yaani foleni ileile ya kazi, unaochora vitufe. Ndiyo maana kitufe kilibaki kimebonyea. Simu haikuwa na nafasi hata ya kukiachia.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Mstari mmoja, ukiandikwa kama maandishi ya kawaida, uko hivi:

"2024-03-11","A","06:42","047","12.5",""

Tarehe, kipindi (A ya asubuhi, J ya jioni), saa, namba ya mfugaji, lita, na maoni ambayo mara nyingi ni tupu. Pamoja na alama ya kushuka mstari ni herufi 41. Wafugaji 86 mara mbili kwa siku kwa siku 30 ni mistari 5,160. Zidisha kwa 41, unapata herufi 211,560. Mwezi mzima wa maziwa ya watu 86 haufiki hata KB 212. Picha moja ya simu inaizidi mara kadhaa.

Sasa hesabu kile ambacho simu iliandika kweli. Pokezi la kwanza liliandika mstari mmoja, la pili likaandika miwili, la tatu mitatu, na la 5,160 likaandika yote 5,160. Ukijumlisha ni mistari 13,315,380. Hata kwa herufi 41 tu kwa mstari, bila kuhesabu zile `"`, ni karibu MB 546, ili kutunza KB 212. Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Ni sawa na kumwambia mjomba kwamba kila mfugaji akileta maziwa, achukue daftari jipya, anakili kurasa zote za la zamani, aongeze mstari mmoja chini, kisha alichome la zamani. Karani yeyote angekataa. Simu haikatai.

Toleo la pili naona haya hata kulieleza, lakini nalo lina lake. Niliachana na TinyDB nikahamia kwenye kijenzi kinachoitwa File, kinachoandika faili za maandishi za kawaida. Nikaweka maandishi yote kwenye kibadilika kimoja, kama kisanduku cha kuwekea kitu, nilichokiita "yote". Kila pokezi nikaunganisha "yote" na mstari mpya kwa bloku ya join, kisha nikalipeleka fungu zima kwa SaveFile. Kasi iliongezeka, kwa sababu JSON na XML havikuwapo tena na SaveFile hufanya kazi yake pembeni bila kuzuia vitufe. Ila kosa lilikuwa lilelile limevaa nguo nyingine. Join haiongezi kitu kwenye maandishi yaliyopo. Inatengeneza maandishi mapya kabisa na kunakili yote ya zamani ndani yake. SaveFile nayo hulifuta faili lililopo, kisha ndipo inaandika.

Hilo la pili ndilo lililoniumiza. Jioni moja umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, betri ya simu ikaisha katikati ya kuhifadhi. Asubuhi nilipolifungua faili, lilikuwa limekatika katikati ya mstari wa tarehe 19. Chini yake hapakuwa na kitu. Siku tano za maziwa zilikuwa zimefutwa ili ziandikwe upya, na hazikuwahi kuandikwa. Tuliokolewa na daftari jeusi, kwa sababu nilimsihi mjomba asiliache mpaka nimwambie. Alikaa na mimi mpaka saa nne usiku akinisomea, namba baada ya namba, nami nikiingiza. Hakunilaumu hata kidogo. Mimi nilijua kwamba pale kila mstari ni hela ya mtu: mwisho wa mwezi malipo yanatoka kwenye rekodi zile, na lita mbili zilizopotea ni daftari la shule la mtoto wa mtu.

Ndipo nikaiangalia vizuri bloku iliyokuwa pamoja na SaveFile siku zote: AppendToFile.

Bloku hii hailisomi faili, wala hailifuti. Inalifungua, inakwenda moja kwa moja mwishoni, inaandika ulichoipa, inafunga. Kama faili halipo, inaliunda. Faili liwe na mistari kumi au elfu kumi, kazi ni ileile: herufi 41. Wanaoandika programu kwa Java au Python wamelijua jambo hili tangu siku zao za kwanza. Sisi wa bloku tunachelewa kulijua kwa sababu hakuna anayetulazimisha kuchagua. SaveFile inafanya kazi, na kwenye majaribio ya mistari ishirini hakuna macho yanayoweza kuona tofauti.

Nilibadilisha usiku huohuo, na makosa yakahamia kwenye mambo madogo.

La kwanza ni kushuka mstari. AppendToFile inaandika ulichoipa na haiongezi kitu. Kwenye jaribio la kwanza mapokezi yote yalijipanga kwenye mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Kwenye bloku ya maandishi unaandika `\n`, na App Inventor inaielewa kama alama ya kushuka mstari. Kila mtu huiweka mwishoni mwa mstari, nami niliiweka hapo. Kisha nikaikumbuka ile jioni ya betri. Simu ikizima katikati ya kuandika, mstari unabaki nusu bila `\n` yake, na pokezi litakalofuata litajibandika kwenye kile kisiki: `"06:4` na papo hapo `"2024-03-12"`. Nusu mbovu inaharibu na mstari mzima wa mwenzake. Kwa hiyo niliihamishia `\n` mbele. Kila pokezi linashuka kwanza, ndipo linaandika. Mstari uliokatika unabaki peke yake na hauambukizi wa baada yake. Na kwa kuwa faili likizaliwa naliandikia kichwa, yaani majina ya safu, ule mstari mtupu wa juu haupo.

Wakati wa kusoma, siliachii faili zima bloku ya kugeuza CSV, yaani mistari ambayo safu zake zimetenganishwa kwa mkato, kuwa jedwali, kwa maana alama moja ya nukuu isiyofungwa inaweza kuivuruga kazi yote. Nalikata kwanza kwenye `\n`, kisha nahesabu alama za nukuu kwenye kila mstari. Ukiwa na 12 ni mzima. Pungufu ya hapo naupaka rangi ya chungwa na kumwonyesha mjomba.

Alama zenyewe za nukuu sikuziweka mwanzo. Nilikuwa nikiunganisha kwa mkato peke yake. Kisha jioni moja mjomba akaandika kwenye maoni: yamechachuka, karudishiwa. Mkato wake ukawa safu ya saba. Bloku ya "list to csv row" inakizungushia nukuu kila kipengele, na tangu niitumie mjomba anaandika mikato yake apendavyo. Bloku hiyo haimalizii kwa kushuka mstari, jambo ambalo kwangu ni neema, maana `\n` ninaiweka mwenyewe nitakapo.

La pili ni jina la faili. Niliamua kila siku iwe na faili lake, jina lake tarehe, na kijenzi cha Clock kinaiandika tarehe kwa umbo utakalo: `yyyy-MM-dd`. MM kubwa ni mwezi. Ukiandika ndogo unapata dakika, na kila dakika ikipita linazaliwa faili jipya. Asubuhi moja ya majaribio nilikuta faili kumi na tatu.

Hapa niseme jambo moja kwa uwazi. Faili la siku moja lina mistari 172. Hata ningeendelea kuliandika lote upya kila mara, ingekuwa kama KB 610 kwa siku, na simu isingesikia uzito. Kugawa kwa siku peke yake kungeponya uvivu ule wa sekunde nne. Kwa hiyo anayetafuta kasi tu ana njia mbili. Mimi kilichonivuta kwenye AppendToFile kuliko kasi ni kwamba haigusi kilichokwisha kuandikwa. Maziwa ya jana hayamo hatarini leo. Betri ikifa sasa hivi, anayepoteza ni mmoja, aliyesimama pale na ndoo yake mkononi, na anaweza kuandikwa upya kabla hajaondoka.

Ili awe bado amesimama pale, lazima karani ajue kama mstari umeingia. AppendToFile nayo hufanya kazi pembeni, haikungoji. Ikimaliza, inatoa tukio la AfterFileSaved, yaani taarifa kwamba imeandika. Kitufe cha HIFADHI nakizima papo hapo kikiguswa, na kinawaka tena ndani ya AfterFileSaved pamoja na duara la kijani lenye lita zilizoandikwa. Mjomba amejifundisha kutotamka "asante, anayefuata" mpaka aione kijani. Kugusa mara mbili hakupo tena, wala mstari wa pacha haupo.

TinyDB sikuitupa. Imerudi kwenye kazi inayoiweza. Kila mfugaji ana jumla yake ya mwezi, jina kama "jumla-047", namba moja tu. Majina 86 mafupi hayajazi kitu, na kuyaandika yote upya hakuchukui hata muda wa kupepesa jicho. Jumla nabadilisha ndani ya AfterFileSaved, kamwe si kabla, ili isije ikahesabu maziwa ambayo faili halina. Na nikiwa na shaka yoyote, nazifuta jumla zote na kuzipiga upya kutoka kwenye faili za siku. Faili ndiyo kauli ya mwisho. Jumla ni kivuli chake.

Tahadhari moja kwa atakayefuata njia hii: faili zilizohifadhiwa ndani ya programu huondoka na programu ukiiondoa kwenye simu. Mimi hunakili kwenye kompyuta kila Jumamosi, na nakala ya pili inakaa kwenye flashi kabatini kwa mjomba.

Lililobaki lilikuwa masahihisho, na hili nilifundishwa. Nilianza kuhangaika jinsi ya kurudi nyuma kwenye faili na kubadilisha mstari mmoja. AppendToFile haiwezi, inajua mwisho tu. Ingenibidi nilisome lote, nibadilishe, niliandike lote, na tungerudi kulekule. Nikamweleza mjomba kwamba programu haina kitufe cha kufuta na kwamba natafuta njia.

Akalivuta daftari jeusi. Akafungua ukurasa wa zamani, wino umeshafifia. Namba 031, lita 14. Mistari sita chini yake, namba 031 tena, lita −4, na pembeni: *nilisoma kipimo vibaya*, na sahihi yake.

"Karani hafuti," akasema. "Ukifuta, mtu atauliza kilichokuwapo. Unaandika mwingine."

Basi nikakifuta kile kitufe kwenye mchoro wangu na kuweka kingine, SAHIHISHA. Kinauliza namba, kinauliza lita za kuongeza au kupunguza, na hakikubali maoni yakiwa tupu. Kikiguswa kinashuka mstari na kuandika mwishoni, kama kila pokezi jingine. Jioni moja kilitumika hivi:

"2024-06-22","J","17:08","047","-2.0","ilikuwa 10.5, si 12.5"

Mama mwenyewe wa namba 047 ndiye aliyesema amezidishiwa.